Mashine ikikujeruhi kazini: mwongozo kamili, tangu dakika ya kwanza hadi dai kufungwa

Ukilifungua faili la dai la fidia ya ajali ya mashine, karatasi inayosumbua zaidi mara nyingi si ripoti ya daktari wa upasuaji. Ni fomu ya ukurasa mmoja iliyojazwa jioni ileile ya ajali, pengine na mtu ambaye hakuwepo, nayo ina sentensi kama hii: "Mfanyakazi hakuwa makini, mkono ukaingia kwenye mashine." Wakati sentensi hiyo inaandikwa, mwenye mkono yuko chumba cha upasuaji, amechomwa ganzi na hana habari. Miezi sita baadaye, anapouliza kwa nini malipo yake yamecheleweshwa au yamekatwa, ndipo anaposomewa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye mkono huo, pamoja na mwenzake wa zamu na ndugu zake, kwa kuwa hatua za mwanzo karibu zote hutekelezwa na watu wengine kwa niaba yake. Hoja yangu ni kwamba tangu dakika ya kwanza kuna kazi mbili zinazokwenda sambamba, ya kuutibu mwili na ya kuhifadhi ukweli wa kilichotokea, na anayeiahirisha hii ya pili mpaka apone huikuta imeshafanywa na mwingine, kwa namna iliyomfaa huyo mwingine. Sheria hutofautiana toka nchi hadi nchi, hasa kuhusu muda wa kutoa taarifa na viwango vya malipo, kwa hiyo tarakimu za nchi yako ni lazima uziulizie ofisi ya kazi, chama cha wafanyakazi au wakili. Hata hivyo mfumo wenyewe unafanana kwa kiasi kikubwa, kwa sababu nchi nyingi zimeujenga juu ya misingi ileile inayopatikana katika mikataba ya Shirika la Kazi Duniani, ILO.

Hatua ya kwanza: zima mashine, kisha maliza nguvu iliyobaki ndani yake

Kitufe chekundu cha dharura husimamisha mwendo, lakini hakiondoi nguvu. Presi ya haidroliki iliyozimwa huweza kubaki na shinikizo la mafuta ndani ya mabomba yake, silinda ya hewa hubaki imejaa, springi hubaki imebanwa, gurudumu zito huendelea kuzunguka kwa muda, na kichwa cha presi kilichoinuliwa huweza kushuka kwa uzito wake wenyewe pindi vali inapofunguliwa. Kwa hiyo mtu mmoja akate umeme kwenye swichi kuu, aweke kufuli, na ufunguo akae nao mfukoni. Kama kufuli halipo, asimame palepale kwenye swichi na asiondoke kwa sababu yoyote, kwa maana muokoaji naye huumia pale mtu mwingine, asiyejua kinachoendelea upande wa pili, anapoona mashine imesimama na kuiwasha tena kwa nia njema.

Chukua mfano wa mkono uliovutwa kati ya roli mbili. Wazo la kwanza linalowajia watu ni kuzirudisha roli nyuma ili mkono utokee ulikoingilia. Katika mashine nyingi hilo ni kosa, kwa sababu roli zinaporudi huipitia nyama ileile iliyokwisha kupondwa, na mtu akikosea upande wa kubonyeza humvuta majeruhi ndani zaidi. Njia iliyo salama zaidi ni kuzitenganisha. Fundi anayeijua mashine hiyo alegeze bolti zinazozibana roli, nusu mzunguko upande huu na nusu mzunguko upande ule, huku mwenzake akichomeka kabari ya mbao katika mwanya unaofunguka ili usijifunge tena. Mtu wa tatu awe amemshika majeruhi mgongoni na kwenye kiwiko, maana mkono unapoachiwa, wengi huzimia na kuanguka, na kichwa kikagonga chuma kilekile.

Yupo pia wa nne, ambaye kazi yake ni kutazama saa. Aandike saa ya ajali, saa mkono au mguu ulipobanwa na saa ulipotolewa. Misuli mikubwa, kama ya paja, ikibanwa kwa muda mrefu hupondeka na kukusanya potasiamu na protini ambazo, damu ikianza kupita tena, huenda moja kwa moja kwenye moyo na figo. Kama wahudumu wa afya wako njiani, waelezwe kwa simu kwamba mtu bado amebanwa na ni kwa muda gani, ili wafike wamejiandaa kwa hilo.

Hatua ya pili: damu, kiungo kilichokatika, na tundu dogo lisilouma

Damu inayotoka huzuiwa kwa kukandamiza jeraha moja kwa moja kwa kitambaa safi, kwa nguvu na bila kuinua kila mara ili kuchungulia. Ikiwa ni ya mkono au mguu na haikatiki, funga mkanda mpana sentimita 5 hadi 8 kutoka kwenye jeraha, upande wa moyo, lakini usiufunge kwenye kiwiko chenyewe wala goti lenyewe, ukaze mpaka damu isimame, andika saa uliyoufunga, na usiulegeze mpaka mhudumu wa afya aamue. Waya na kamba nyembamba hazifai, kwa kuwa hukata nyama zilizobaki. Pete, bangili na saa zivuliwe mapema kabla mkono haujavimba. Majeruhi asipewe chakula wala kinywaji, kwa sababu huenda akahitaji kulazwa usingizi kwa ajili ya upasuaji.

Kiungo kilichokatika kina utaratibu wake, na hapa ndipo nia njema huharibu mambo. Kidole hakitumbukizwi kwenye barafu, wala hakiloweshwi kwenye maji au dawa. Kifunge katika kitambaa safi chenye unyevu kidogo, kitie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha mfuko huo uuweke ndani ya chombo chenye maji na barafu, ili kidole kipate ubaridi bila kugusana na barafu yenyewe. Kikihifadhiwa hivyo huweza kuunganishwa hata karibu saa 24 baadaye, na bila kupozwa muda huo hupungua hadi saa 12 hivi. Mkono uliokatika juu ya kifundo una misuli, na misuli huanza kufa ndani ya saa 6 hivi, kwa hiyo kila dakika ina uzito wake. Usiamue wewe kwamba kipande kimepondeka mno na hakina kazi. Kipeleke vilevile kilivyo, kwa sababu hata pale kinaposhindikana kuunganishwa, daktari huweza kutumia ngozi, mishipa au mfupa wake kufunika sehemu iliyobaki.

Lipo jeraha moja ambalo naliweka peke yake kwa kuwa huwadanganya watu wazima wenye uzoefu. Fundi anapapasa bomba la haidroliki akitafuta panapovuja, au anashika pua ya bunduki ya kupulizia rangi, na anahisi kama ameumwa na mdudu. Anatazama kidole: kuna tundu dogo lililo sawa na la sindano, damu tone moja au hakuna kabisa, maumivu kidogo. Anajifuta na kuendelea na kazi. Kumbe mafuta au rangi vimesukumwa chini ya ngozi kwa shinikizo kubwa, vimefuata ala za kano mpaka kiganjani, na kadiri saa zinavyopita vinaua tishu kutoka ndani. Jeraha hili ni la upasuaji wa dharura, ndani ya saa chache, hata kama kidole kinaonekana kizima, na mapokezini ni lazima useme waziwazi kwamba umepigwa na mafuta au rangi yenye shinikizo, utaje na aina yake. Usiposema hivyo, unaweza kabisa kufungwa bandeji na kurudishwa nyumbani, na kesho yake kidole hicho kikawa cha kukatwa.

Hatua ya tatu: unachomwambia daktari ndicho kitakachokaa kwenye faili

Maelezo ya kwanza hospitalini husomwa baadaye na bima, mwajiri, na pengine hakimu, nao huyaamini kuliko maelezo yoyote ya baadaye, kwa kuwa mtu mwenye maumivu ya saa moja hadhaniwi kuwa amepata muda wa kutunga. Kwa hiyo taja kwamba ni ajali ya kazini, taja mashine kwa jina lake, saa, sehemu ya mashine iliyokugusa, na jinsi ilivyokugusa: ilikukata, ilikuponda, ilikuvuta, au ilikurusha. Taja kila sehemu inayouma, hata kama mkono ndio unaotoka damu na bega ni la kero tu. Bega lisipotajwa siku ya kwanza, na likaja kugundulika wiki ya tatu kwamba kano imechanika, utaulizwa umeumia wapi tena. Sema pia mkono unaoutumia kuandikia, maana jambo hilo huathiri tathmini ya ulemavu katika mifumo mingi na mara nyingi husahaulika kuandikwa.

Uliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Kwa jeraha chafu, lenye grisi, udongo au chembe za chuma, chanjo ya kuongezea nguvu hutolewa ikiwa imepita miaka 5 tangu ya mwisho, na asiyejua alichanjwa lini aseme hivyo hivyo.

Ukisharuhusiwa kwenda nyumbani, rudi mara moja ikiwa maumivu yanapanda badala ya kushuka licha ya dawa, sehemu iliyopondwa imekuwa ngumu kama mbao, vidole vinakufa ganzi, au vikinyooshwa na mtu mwingine maumivu yanazidi mno. Hizo ni dalili kwamba uvimbe umefungiwa ndani ya tishu na unabana damu, na kuufungua kwa upasuaji kunapochelewa kwa saa kadhaa, misuli hufa moja kwa moja. Mkojo wa rangi ya kahawia iliyokoza baada ya kupondwa nao si wa kusubiri asubuhi.

Omba nakala ya kila kitu: cheti cha mapokezi, picha za eksirei, maelezo ya upasuaji, likizo ya ugonjwa, na stakabadhi za dawa na nauli.

Hatua ya nne: hifadhi ukweli kabla mashine haijatengenezwa

Mashine iliyojeruhi ni ushahidi, na ushahidi huo kwa kawaida hutoweka ndani ya siku moja au mbili, si lazima kwa hila, bali kwa sababu uzalishaji unaendelea. Kinga, yaani kifuniko cha sehemu ya hatari ya mashine, iliyokuwa imeondolewa inarudishwa mahali pake, damu inaoshwa, kihisi kilichokuwa kimefungwa kwa waya ili mashine isisimame kinafunguliwa. Mwenzako wa zamu, au mwakilishi wa usalama kama yupo, apige picha siku hiyohiyo: mashine nzima kutoka mbali, kisha sehemu iliyojeruhi, kinga au nafasi yake iliyo tupu, kitufe cha dharura na umbali wake kutoka alipokuwa amesimama majeruhi, sakafu, mwanga, na kile kibao cha chuma chenye jina la mtengenezaji, namba ya mashine na mwaka. Kibao hicho hupuuzwa, nacho ndicho kitakachomtambulisha mtengenezaji ikiwa kasoro ilitoka kiwandani. Mahali ambapo kupiga picha kumekatazwa, chora kwa mkono, weka vipimo na tarehe, na walioshuhudia waweke sahihi zao.

Nunua daftari. Ukurasa wa kwanza uwe wa ajali yenyewe, uandikwe au uzungumzwe na kuandikwa na ndugu mara majeruhi anapoweza kusema, kwa mpangilio wa saa na bila maneno ya hukumu. Ulianza zamu saa ngapi, na ulikuwa umefanya kazi siku ngapi mfululizo? Nani alikupangia mashine hiyo? Ulifundishwa kuitumia na nani, kwa muda gani, na ulitia sahihi wapi? Ilikuwa imeharibika kabla, na nani aliambiwa? Kinga ilikuwepo? Kama haikuwepo, iliondolewa lini na kwa sababu gani? Walikuwepo nani? Kurasa zinazofuata ziwe za kila siku: maumivu, usingizi, kazi za nyumbani unazoshindwa, safari za hospitali, fedha ulizotoa.

Turudi sasa kwenye ile fomu. Ukiombwa kutia sahihi maelezo ya ajali, yasome yote, na kama huwezi kusoma wakati huo kwa sababu ya dawa au maumivu, sema kwamba utatia sahihi ukishapata nafuu, kisha uandike jambo hilo daftarini. Tazama tofauti ya maelezo haya mawili kuhusu tukio moja. La kwanza: "Aliingiza mkono kwenye mashine ikiwa inazunguka." La pili: "Saa 10:40 jioni malighafi ilikwama kwenye roli kwa mara ya nne katika zamu hiyo. Kama ilivyokuwa kawaida ya idara, aliisukuma kwa mkono bila kuzima mashine, kwa kuwa kuizima na kuiwasha upya huchukua dakika 15 na msimamizi alikuwa amekwisha kuulizia kuhusu idadi. Kinga ya mbele ilikuwa imeondolewa tangu wiki iliyotangulia." Yote mawili ni kweli. La kwanza linaishia kwenye mkono, na la pili linaufuata mkono mpaka kwenye sababu iliyoupeleka pale. Maelezo yako yawe ya aina ya pili, na ikiwa fomu ina mstari mmoja tu, andika "tazama karatasi iliyoambatishwa" na uiambatishe.

Hapa inafaa kuujua Mkataba wa ILO namba 119 wa mwaka 1963 kuhusu kinga za mashine, kwa maana una makali pande mbili. Unasema mfanyakazi asitumie mashine bila kinga zilizowekwa kuwa mahali pake, lakini papo hapo unasema asitakiwe na mtu yeyote kuitumia hivyo, na unakataza hata uuzaji na ukodishaji wa mashine ambazo sehemu zake za hatari hazina kinga. Kwa hiyo swali la nani aliiondoa kinga na nani alijua haliulizwi kwa ajili ya lawama peke yake, bali huweza kubadilisha mlipaji.

Hatua ya tano: toa taarifa kwa maandishi, hata kama kila mtu alikuona ukianguka

Msimamizi alikuwepo, gari la kiwanda ndilo lililokupeleka hospitali, meneja alikuja kukujulia hali: hayo yote si taarifa. Taarifa ni barua au fomu yenye tarehe, jina lako, mahali, maelezo mafupi ya ajali na jeraha, na nakala yako iliyogongwa muhuri au kusainiwa na aliyepokea. Ndugu anaweza kuipeleka. Sheria nyingi humtaka mwajiri naye aiarifu mamlaka ya usalama kazini au mfuko wa fidia ndani ya muda maalumu, na mwajiri asipofanya hivyo, mara nyingi mfanyakazi mwenyewe au chama chake huruhusiwa kuiarifu. Usisubiri kuona kama mwajiri atatimiza, kwa sababu muda wa dai kwa kawaida huhesabiwa tangu siku ya ajali, si tangu siku uliyochoka kumsubiri.

Kibarua wa siku, mwanagenzi, au aliyeletwa na wakala wa ajira asikubali haraka jibu la "huyu si mfanyakazi wetu". Apeleke taarifa pande zote mbili, kwa wakala na kwa mwenye mashine, kisha aache mamlaka iamue nani mwajiri. Ikiwa hana mkataba wa maandishi, ushahidi wa ajira hutafutwa kwingine: malipo kwenye simu, jina katika daftari la getini, sare, ujumbe wa kuitwa zamu, na wenzake.

Hatua ya sita: jua unadai kwa njia ipi

Kwa muda mrefu mfanyakazi aliyeumia alilazimika kuthibitisha mahakamani kwamba mwajiri alikosea, jambo gumu kwa mtu asiye na mshahara wala mkono. Ujerumani ilipitisha sheria ya bima ya ajali kazini mwaka 1884, na Uingereza ikafuata na sheria ya fidia mwaka 1897. Kutoka hapo ukaenea mfumo usiouliza kosa ni la nani: umeumia kazini na kwa sababu ya kazi, unalipwa, lakini kwa viwango vilivyopangwa. Hii ndiyo njia ya kwanza, na kwa wengi ndiyo iliyo karibu. Ina maana kwamba hata ile sentensi ya "hakuwa makini" haipaswi peke yake kukunyima fidia, kwa sababu kupitiwa si sawa na kujiumiza kwa makusudi, na kwa kawaida ni kusudi au ulevi ndivyo vinavyoleta shida.

Mkataba wa ILO namba 121 wa mwaka 1964 unaweka kiwango cha chini cha asilimia 60 ya mapato ya awali kwa mtu wa mfano mwenye mke na watoto wawili, wakati wa kutoweza kufanya kazi kwa muda na pia anapopoteza kabisa uwezo wa kujipatia kipato, na asilimia 50 kwa mjane mwenye watoto wawili. Mkataba wa zamani zaidi, namba 17 wa mwaka 1925, una vipengele viwili ambavyo majeruhi wachache huvidai: kiungo bandia kinapaswa kutolewa na pia kubadilishwa kinapochakaa, na anayehitaji msaada wa mtu mwingine muda wote anastahili nyongeza. Iulize ofisi ya kazi kama nchi yako imeridhia mikataba hiyo na sheria yake inasemaje.

Njia ya pili ni kesi ya uzembe dhidi ya mwajiri, ambayo hufungua mlango wa kudai kwa ajili ya maumivu na hasara yote, lakini hudai uthibitisho wa kosa na huchukua muda. Katika nchi nyingine kupokea fidia ya kawaida huifunga njia hii, na kwingine zote mbili huruhusiwa, kwa hiyo muulize wakili kabla ya kupokea fedha na si baada yake. Njia ya tatu, inayosahaulika kuliko zote, ni kumdai mtu wa nje: mtengenezaji wa mashine yenye kasoro, aliyeikodisha, au kampuni ya matengenezo iliyoirudisha kazini bila kinga. Hapo ndipo picha ya kile kibao cha chuma inapopata thamani.

Hatua ya saba: usikubali kupimwa ulemavu wala kufunga dai kabla jeraha halijatulia

Mkono uliopondwa hauonyeshi hali yake ya mwisho baada ya wiki sita. Neva hukua polepole, kadiri ya milimita moja kwa siku, kwa hiyo aliyekatwa neva karibu na kiwiko huweza kusubiri mwaka mzima kabla ya kujua vidole vitahisi nini. Ulemavu wa kudumu hupimwa pale daktari anapoandika kwamba hali imefika mahali ambapo matibabu zaidi hayatarajiwi kuibadilisha sana. Anayekuja na karatasi ya makubaliano ya mwisho kabla ya hapo, akiwa na fedha mkononi na wewe ukiwa na deni la kodi, anakuuzia uhakika wa leo kwa bei ya upasuaji wa mwakani. Ninaelewa kwa nini watu hutia sahihi. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kutia sahihi uulize swali moja na ujibiwe kwa maandishi: je, jeraha likirudi au likizidi, dai hili litafunguliwa tena? Ukweli kwamba hata mkataba ule wa 1925 uliyachukulia malipo ya vipindi kuwa ndiyo kawaida, na mkupuo mmoja kuruhusiwa tu pale mamlaka inaporidhika kwamba utatumiwa vizuri, unaonyesha kwamba hatari hii inajulikana tangu zamani.

Siku ya kupimwa, nenda na daftari lako. Daktari atapima pembe za vidole na nguvu ya kushika, lakini hawezi kuona kwamba mkono unakufa ganzi kwenye baridi, kwamba vifungo vya shati unafungiwa, au kwamba baada ya dakika ishirini za kushika bisibisi vidole vinafunguka vyenyewe. Sema kwa mifano ya kazi mahususi, bila kuongeza na bila ushujaa, maana wapo wanaojikaza mbele ya daktari kwa aibu na kupunguziwa asilimia kwa sababu hiyo. Kumbuka pia kwamba vidole havilingani: kidole gumba hukadiriwa kubeba karibu asilimia 40 ya kazi ya mkono. Usiporidhika na tathmini, omba ya daktari mwingine au bodi ya rufaa kabla muda wa kukata rufaa haujapita.

Hatua ya nane: maumivu ya kiungo kisichokuwepo, na hofu ya mlio

Aliyekatwa vidole huweza kuvihisi bado vipo, vikiwa vimekunjwa au vinaungua. Hilo halina uhusiano na wazimu wala ushirikina. Ubongo bado una ramani ya mkono mzima, na yapo matibabu, yakiwemo dawa za maumivu ya neva na mazoezi ya kutumia kioo, ambapo mkono mzima huakisiwa mahali pa ule uliokatika na kuuchezesha huku ukitazama. Ndoto za ajali, kushtuka kwa mlio wa mota, na kukwepa hata kupita karibu na kiwanda navyo ni sehemu ya jeraha. Mwambie daktari, naye aandike, kwa sababu lisiloandikwa hapa halitatibiwa wala kulipwa.

Hatua ya tisa: kurudi kazini

Kurudi kwa hatua, kwa kazi nyepesi na saa chache, husaidia mkono na mfuko, ilimradi masharti ya daktari yawe kwa maandishi: kutonyanyua zaidi ya uzito fulani, kutoshika mashine inayotetema, kupumzika kila baada ya muda fulani. Kazi nyepesi iliyoahidiwa kwa mdomo huwa nzito kufikia Jumatano. Uliza pia mshahara wa kazi hiyo ukipungua, tofauti yake italipwa na nani.

Usikubali kurudishwa kwenye mashine ileile kabla hujaoneshwa kilichobadilishwa. Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 unamlinda dhidi ya madhara yasiyo ya haki mfanyakazi anayejiondoa kwenye hali ambayo ana sababu ya kutosha kuamini kwamba inatishia maisha au afya yake kwa hatari kubwa iliyo karibu, lakini ulinzi huo una nguvu zaidi kwa aliyemwarifu msimamizi mara moja na kuandika. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza, kabla ya malighafi kuingia, simama mahali pako, nyoosha mkono uone kama unakifikia kitufe cha dharura, na ukibonyeze uone kama mashine inasimama. Kisha fungua kinga na umwombe fundi ajaribu kuiwasha mashine huku mikono ya wote ikiwa mbali. Ikikataa kuwaka, funga kinga na uanze kazi. Ikiwaka, izime, mwite msimamizi, na ufungue daftari lilelile ukurasa mpya, uandike tarehe na saa.